Mzee anaandika vizuri, lakini hawezi kusoma alichoandika. Nisaidieni

Nyar_Ahero
Wadau, hamjambo. Ni kuhusu baba yangu, miaka 67, karani mstaafu, tuko hapa Ahero.

Wiki tatu zilizopita aliamka akasema kichwa kinamgonga kidogo. Akanywa chai, akachukua gazeti, akaligeuzageuza, kisha akaniuliza, "Siku hizi wanaandika Kihindi?" Nikacheka peke yangu. Herufi anaziona, anasema ni nyeusi na zimepangwa sawa, ila hazimwambii kitu.

Sasa sikieni kioja. Jumapili alitaka kumwandikia ndugu yake wa Muhoroni habari za mpunga. Akashika kalamu akajaza ukurasa mzima, hati ileile ya karani, mistari imenyooka. Baadaye kidogo nikampa ile barua aihakikishe. Akaitazama weee, akaniuliza, "Ng'a mondiko ma?" Yaani, nani ameandika hii!

Kuongea anaongea, sote anatutambua, na hesabu anapiga. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, 2,450 anaisoma bila shida, lakini jina la aliyetuma limemshinda. Zahanati tuliyoanzia ilimpima macho ikatuuzia miwani. Wapi! Nifanyeje? Na tusidanganyane, kinachomuuma zaidi ni ukurasa wa vifo. Kila asubuhi anauliza leo nani katangulia.

Kondele_Finest
Miwani ya hizo zahanati ni biashara tu, jaribu kwingine. Ama mzee anakwepa kusoma karatasi za mkopo wa chama 😂

Mama_Wa_Maombi
Mwanangu, usipuuze upande wa kiroho. Karani hakosi maadui.

Nesi_wa_Nakuru
Maombi yaendelee, mama, lakini hili linajulikana hospitalini na si la jana. Nyar Ahero, nijibu kwanza: mzee hugongagonga vitu upande wa kulia?

Nyar_Ahero
Eh! Umejuaje? Bega lake la kulia na fremu ya mlango hawaelewani kabisa. Juzi alinung'unika kwamba kanyimwa mandazi, na sahani iko palepale, mkono wake wa kulia.

Nesi_wa_Nakuru
Basi hapo nashuku kiharusi, cha nyuma ya ubongo, upande wa kushoto. Watu hungoja mpaka mdomo upinde au mkono ulegee ndipo waamini. Si lazima.

Mwaka 1892 daktari Mfaransa, Dejerine, alieleza mgonjwa wa namna hiihii: anaandika, hasomi, na tarakimu anazitambua. Chukulia hivi. Macho ya mzee yangali yanaona, na ghala lake la maneno limejaa kama zamani. Iliyokatika ni barabara ya kutoka kwenye macho kwenda ghalani. Mkono unapoandika hauihitaji barabara hiyo, unachota ghalani moja kwa moja. Ndiyo maana barua ilitoka safi, ikarudi kwake kama ya mgeni.

Mpeleke Russia, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, kesho, si wiki ijayo. Omba picha ya CT ya kichwa, wampime presha na sukari, na uulizie mtaalamu wa matamshi na lugha. Aspirini usimpe kwa kubahatisha: kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna cha mshipa kupasuka, dawa ya huyu ni sumu ya yule, na bila picha huwezi kuvitofautisha. Akianza kulegea upande mmoja au kichwa kikamshika vikali leo usiku, usingoje kuche.

Mwalimu_Bungoma
Niongeze kidogo, mimi nimefundisha kusoma na kuandika miaka 31. Hakuna anayezaliwa na mahali pa herufi kichwani. Maandishi yenyewe yana kama miaka 5,000 tu, kwa ubongo hiyo ni juzi. Mtoto akijifunza kusoma huchukua kipande kilichokuwa kikitambua sura na vitu, akakipa kazi mpya. Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2010 juu ya watu wazima wa Brazil na Ureno. Hata wale waliojifunza kusoma ukubwani, kipande hicho kilikuwa kimeshaanza kuitikia herufi. Naamini hapo ndipo mzee wako alipoguswa, au jirani yake.

Na hii b na d inayotusumbua madarasani chanzo chake ni hicho hicho. Kikombe ukikigeuza mkono wake ukaangalia kushoto, ni kikombe kilekile. Ukiigeuza b, si b tena. Mtoto anatakiwa asahau jambo ambalo macho yake yameliamini tangu azaliwe. Enzi zetu niliwachapa watoto kwa kosa hilo, Mungu anisamehe.

Jaribu hili mkisubiri matatu ya asubuhi. Afumbe macho, umchoree herufi kubwa kiganjani kwa kidole, moja moja. Kuna mwandishi wa Kanada, Howard Engel, aliyepatwa na hali hii mwaka 2001. Alijizoeza kuchora herufi kwa ulimi nyuma ya meno, na akaandika riwaya nyingine.

Kondele_Finest
Kwa ulimi?? Haya. Ile ya chama naifuta. Pole dada, mzee apone.

Nyar_Ahero
Nesi, Mwalimu, asanteni. Mama, na wewe pia, tuombee safari. Nauli ipo, tunaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Lakini ngojeni niwaambie. Nimemaliza sasa hivi kumchorea kiganjani. M, akanyamaza. A. J, hapo akatikisa kichwa, nikarudia. I. Akakaa kimya, midomo inacheza, kisha akasema "Maji" kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. Nimelia, yeye akaniuliza nalia nini. Saa hii amechukua gazeti la jana, anafuata kichwa cha habari kwa kidole, herufi kwa herufi, na ameniambia nisimsumbue. Ni ukurasa wa vifo.