Kipimo kimeonyesha diski imechakaa: nilale au nitembee?

Swali
Ndugu zangu, kwa wiki tano sasa nina maumivu ya kiuno yaliyoanza nilipoinama kuinua ndoo. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kimeonyesha kwamba diski (ule mto laini) iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imepungua maji na kutokeza kidogo. Tangu nisome neno "imechakaa" ninaogopa hata kuinama, nashinda kitandani, na maumivu hayapungui. Je, nivae mkanda wa kushikilia kiuno, au nijiandae kwa upasuaji?

Jibu la 1
Pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na neno hilo nimeliona likiwalaza watu kuliko diski yenyewe. Diski hupungua maji kadiri umri unavyosonga, na ukiwapima watu wasioumwa popote utakuta wengi wana picha kama yako. Kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kinachokuuma. Kushinda kitandani hudhoofisha misuli na kukakamaza viungo, na anayeogopa kuinama huukaza mgongo mchana kutwa bila kujijua. Tembea dakika chache mara kadhaa kwa siku, uongeze polepole, wala usishtuke ukihisi maumivu kiasi, kwa maana kuuma si lazima kuwe kuumia. Kuhusu mkanda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu sugu yaliyozidi miezi mitatu, haupendekezi utumike kama tiba ya kawaida. Unapendekeza, pamoja na mengine, mazoezi na elimu kwa mgonjwa.

Jibu la 2
Naongeza jambo moja: je, maumivu yanashuka mguuni? Yakipita goti, huenda neva, yaani mshipa wa fahamu, imebanwa, ingawa hata hapo wengi hupona bila kisu. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia haja au mkojo ukagoma kutoka, au miguu ikalegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Homa, au kukonda bila sababu, navyo humhitaji daktari mapema. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, husaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiimeze bila ushauri.

Muulizaji
Nashukuru. Yanaishia kwenye tako, na dalili hizo sina. Ni zoezi gani lililo bora?

Jibu la 1
Lile utakaloendelea nalo. Kuogelea, kutembea, kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo: tofauti kati yake ni ndogo kuliko watu wanavyobishania. Ndoo nayo utainua tena, ukianza na nusu.