Mashine inapokea padi nne, gemu inataka mtu mmoja. Huu ni uhuni

Wakuu, nimekuja na povu. Asiyetaka povu apite kwenye uzi mwingine mapema.

Nina banda la gemu Igombe, huku ziwani Mwanza, karibu kabisa na mwalo. Wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa. Kwa msiokaa ziwani: dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inayowakusanya. Mbalamwezi ikiwaka taa inakosa kazi, kambi zinalala nchi kavu, na hapo ndipo mimi napata hela. Na mvuvi haji peke yake. Wanakuja watu wa mtumbwi mmoja, wanne, watano, wamevuta wavu pamoja siku zote za giza, wanataka wacheze pamoja, TV moja, muda mmoja, kelele moja. Ndiyo biashara yenyewe hiyo. Jero ya mmoja haiwashi hata luku.

Sasa gemu za siku hizi zinaliona hilo kama ombi la kichaa.

Nimenunua gemu ya magari, jina naliacha. Padi nne (vile vidude vya kushika mkononi na kuchezea) zimewashwa, kila moja na rangi yake, bluu, nyekundu, kijani, pinki. Tunaingia kwenye menyu: mchezaji mmoja. Hata wawili hakuna! Ukitaka kushindana na jamaa mliyekaa naye benchi moja, inabidi awe na mashine yake, TV yake, nakala yake ya gemu na bando lake. Kijana mmoja akaniuliza, "Bosi, kwa hiyo mwenzangu akanunue plesteshoni ndiyo aje kukaa hapa?" Nikamrudishia hela yake.

Najua kuna wataalamu watakuja na "teknolojia hairuhusu". Haya, tukae hapo hapo kwanza.

Mashine ya Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilikuja na matundu manne ya padi na memori ya megabaiti 4. Mwaka uliofuata ikatoka GoldenEye 007: watu wanne, skrini imekatwa vipande vinne, risasi zinarindima. Milipuko ikizidi ilikuwa inakwama, sikatai, lakini watu walicheza. PS2, yaani plesteshoni ya pili, ilikuwa na matundu mawili tu, ila kulikuwa na kidude cha Multitap cha kugeuza tundu moja kuwa manne. Ikaja PS3 mwaka 2006, waya ukaondoka, mashine ikapokea padi 7. Saba, wakuu! FIFA za PS3 mlikuwa mnaingia saba kwenye mashine moja, mtumbwi mzima na mpishi wa kambi. Halafu mwaka 2013 PS4 ikashusha hadi 4, na PS5 ya mwaka 2020 ikabaki hapo hapo kwenye 4. Ina memori ya gigabaiti 16 na inapokea watu wachache kuliko ile ya 2006. Xbox One inapokea 8, Nintendo Switch 8. Kwa hiyo msiniambie ni amri ya Mungu.

Kwenye kugawa skrini nawapa haki yao kidogo. Ukigawa skrini, mashine inalazimika kuichora dunia ile ile mara mbili au mara nne, kila mtu na kamera yake, na gemu za sasa zina picha nzito. Halo 5, gemu ya risasi ya Xbox ya mwaka 2015, iliacha kabisa kugawa skrini, na mashabiki walichafukwa kiasi kwamba mwaka 2017 Bonnie Ross, aliyekuwa mkuu wa studio inayotengeneza Halo, akaahidi hadharani kwamba Halo za risasi zinazokuja zitakuwa nayo. Ikatoka Halo Infinite 2021, na Septemba 2022 wakatangaza kwamba kampeni (ile sehemu ya hadithi) ya watu wawili kwenye TV moja wameifuta. Mashindano ya kugawa skrini yakabaki, kampeni ikafa. Ahadi nusu.

Sasa angalia gemu ya magari ya Gran Turismo 7 (GT7). Ilitoka Machi 2022, skrini inagawanywa kwa wawili tu. Novemba 2023 likaja sasisho, na kwenye PS5 wakaingia wanne. Mashine ile ile, diski ile ile! Maana yake uwezo ulikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kukaa kazini na kuifanya hiyo kazi. Hongera zao wamefanya. Wengine wanasubiri nini?

Na kinachonichoma zaidi ni mpira, kwa sababu mpira hauna skrini ya kugawa. Uwanja ni mmoja, kamera ni moja, wote tunaangalia kitu kimoja. Kisingizio cha picha nzito kinafia hapo. Kwenye EA FC, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA, mechi ya kawaida mnaingia wanne, sawa. Lakini kuna ile sehemu ya Clubs, kila mtu anashika mchezaji wake mmoja, wewe beki, yule winga, mnajenga timu yenu na jina lenu. Hicho ndicho hasa wavuvi wangu wanachokitaka! Watu wa mtumbwi mmoja wawe timu moja, wakapige na wa kambi ya jirani. Sasa Clubs inaruhusu mtu mmoja kwa kila mashine. Mmoja. Gemu ya kucheza kitimu, na timu yako hairuhusiwi kukaa chumba kimoja nawe.

Hapo hainiingii akilini kwamba tatizo ni ufundi. Ni hesabu. Wanne wakicheza kwenye mashine moja, imeuzwa nakala moja. Wakitenganishwa, zimeuzwa nne, na malipo ya mwezi ya kuingia mtandaoni manne. Ningekuwa mimi ndiye muuzaji labda ningefanya vile vile, lakini nisingemwambia mteja kwamba ni kwa faida yake.

Sijamaliza. Twende kwenye padi.

Padi ya PS5, DualSense, ilitoka ikiuzwa karibu dola 70 huko Marekani. Ikifika Mwanza na usafiri na faida ya kila aliyeigusa njiani, ninyi wenyewe mnajua. Na ukidhani utatumia padi zako za PS4 kuokoa gharama, sahau: PS5 inazikubali kwenye gemu za PS4, ukiweka gemu ya PS5 inazikataa. Kwa hiyo watu wanne ni DualSense nne.

Haya, ndani yake kuna nini? L2 na R2, vile vitufe vya nyuma vya vidole, zinazokaza na kulegea zenyewe, mtetemo wa aina mbalimbali, spika, maiki, sehemu ya kupapasa, kihisi cha kujua padi imeinamishwa upande gani. Ni kuuziwa mashine ya boti ya nguvu 40 halafu unaambiwa upige kasia. Gemu nyingi ninazoweka hapa, mtetemo unatetemeka ukigonga ukuta, basi, kazi imeisha. Spika inatoa kilio cha hapa na pale. Maiki naona kama pambo.

Waliozitumia vizuri wapo. Astro's Playroom inayokuja ndani ya PS5 inatumia kila kitu, mpaka unapuliza kwenye maiki. Returnal ya 2021, ukibonyeza L2 nusu unalenga, ukiikaza hadi mwisho unapata shambulio lingine, yaani kitufe kimoja kinafanya kazi mbili. Safi kabisa. Ila ona kitu: Astro ni ya mtu mmoja, na Returnal ikaja kuongezewa mwenzako kwa mtandao tu. Ufundi mzuri wa padi umewekwa kwa mtu aliyekaa peke yake sebuleni.

Wakati kwenye benchi ndiko ungefaa zaidi! Fikiria mechi ya mpira ya TV moja. Nikitaka kubadili mfumo, menyu inafunguka mbele ya adui yangu, anaisoma huku anatafuna karanga. Hilo lilishatatuliwa zamani. Padi ya Dreamcast, mashine ya zamani ya Sega, ilichomekwa kidude chenye kijiskrini, na kwenye NFL 2K, gemu ya mpira wa Kimarekani ya mwaka 1999, ulikuwa unachagua mbinu yako hapo hapo mkononi, mpinzani haoni kitu. 1999! Leo tuna mtetemo wa kila aina, ungeweza kunipa ishara mkononi mwangu mimi tu, mguso mmoja kushoto, miwili kulia. Hakuna anayejisumbua.

Sababu naifahamu. Gemu inatengenezwa iuzwe kwenye mashine zote, na padi ya Xbox haina kihisi cha mwinamo wala hizo L2 za kukaza. Basi wanatengeneza kwa kiwango cha yule aliyepungukiwa, na wewe uliyelipia vya ziada unabaki navyo. Hata hilo sio geni: vitufe vya padi ya PS2 vilikuwa vinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, gemu nyingi zikapuuza, na ilipofika PS4 wakaviondoa kimya kimya.

Na msiseme soko halipo. It Takes Two haichezeki na mtu mmoja, lazima muwe wawili, skrini imegawanywa karibu muda wote. Ilishinda gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2021 na imeuza zaidi ya nakala milioni 10. Wavuvi wangu hawaipendi, wanasema ni ya wachumba, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Ninachotaka ni kidogo. Kwenye ganda la gemu waandike wazi: watu wangapi kwenye mashine moja, na kwa kila sehemu ya gemu. Sio "wachezaji 1 hadi 4", halafu nikifika nyumbani nakuta wanne ni kwenye sehemu moja iliyojificha na kwingine kote ni mimi na upweke wangu.

Mwenye orodha ya gemu za PS5 za magari au ngumi zinazobeba wanne kwenye TV moja aiweke hapa chini. GT7 ninayo, msinitajie. Na wewe wa Dar mwenye faiba unayetaka kuniandikia "si mcheze online tu", nitumie kwanza bando la watu watano, mbalamwezi iko karibu.