Risiva ya mzee wa Chumbageni kwa dola 300

Kutoka Minneapolis

Wanajamvi, salaam. Mwezi wa kumi na mbili naenda nyumbani Chumbageni, Tanga. Mzee ana runinga ya inchi 55 na amechoka na sauti yake, anasema watangazaji wa mpira wanaongelea puani. Sabufa hataki, anataka mziki wa spika tano. Nina dola 300 kwa kila kitu. Hapa nimeona risiva mpya (ile mashine ya kukuza sauti na kuigawa kwenye spika, si king'amuzi) ya chaneli saba, yaani ya spika saba, imeshushwa bei, ila inameza karibu pesa yote. Niichukue, halafu spika nizitafute huko huko?

Kutoka Leicester

Dada yangu, iache hapo hapo dukani. Mpango wenyewe ni mzuri, ila umekaa kinyume: spika ndizo za kununua Marekani, risiva itafute kwingine.

Igeuze usome kibandiko cha nyuma. Risiva za soko la Marekani kwa kawaida huandikwa 120V 60Hz, basi. Si kama chaja ya simu inayokubali kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme wa nyumbani ni volti 230, hezi 50. Ukiichomeka hivi hivi, ushukuru ikiungua fyuzi peke yake. Utaambiwa nunua transfoma ya kushusha umeme. Sawa, lakini risiva inayokula wati 250 inataka transfoma ya wati 500 ili ipumue, na hilo ni dude zito linalounguruma. Na ipo siku mtu atahamisha runinga, ataona adapta ya plagi, atachomeka ukutani. Hata redio yake itakusumbua: FM ya Kimarekani huruka hatua kwa hatua za 0.2, kwa hiyo kituo kinachoishia na tarakimu shufwa, tuseme 89.4, huwezi kukikamata sawasawa.

Spika za kawaida hazina habari na volti za ukutani. Zinapokea sauti kutoka kwenye risiva kwa nyaya mbili, kwa hiyo jozi uliyoiokota kwenye duka la mtumba Minneapolis italia Chumbageni vilevile. Spika ya besi peke yake ndiyo ina amplifaya yake ndani na plagi yake. Baadhi zina swichi ya 115/230 mgongoni. Isiyo nayo, ipite.

Kuhusu wati, soma maandishi madogo yanayofuata ile namba. "Wati 100" zilizopimwa kwa chaneli moja, hezi 1,000 tu, na mkwaruzo wa asilimia 10, ni maneno ya kuuzia. Zilizopimwa kwa chaneli mbili, hezi 20 hadi 20,000, mkwaruzo chini ya asilimia 0.1, hizo ni wati. (PMPO, zile wati za kufikirika za kwenye maboksi ya sabufa, hata tusiziongelee.) Halafu kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, na ongezeko hilo sikio linalihisi kidogo. Spika yenye wepesi (ukubwa wa sauti inayoitoa kwa wati moja) wa desibeli 90 inakupa desibeli hizo hizo 3 zaidi kuliko ya 87, bila kulipia umeme wala risiva kubwa. Kwa sebule ya Tanga, wati 50 za kweli zitawafikia hadi waliokaa barazani.

Sasa hapa ndipo pesa inapookolewa. Watu wanalipia risiva mpya kwa sababu ya picha: 4K na mengine. Mzee wako hahitaji picha ipite kwenye risiva. King'amuzi kiingie kwenye runinga kwa HDMI, kisha sauti itoke kwenye runinga kwenda risiva kwa waya wa optiko. Waya huo unabeba Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya spika tano na moja ya besi, bila shida. Utakachokosa ni Dolby TrueHD na sauti nyingine zisizopunguzwa ubora, na mpira haurushwi hivyo. Kwa hiyo risiva ya mtumba ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, ambayo wenye nazo wanaiuza kwa sababu haijui 4K, inakufaa kabisa. Huku Uingereza zimejaa, volti ni zile zile 230 na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya bapa. Kwa mgao wangu: dola 80 risiva, zinazobaki spika, na katika spika ya katikati usifanye ubahili. Hiyo ndiyo inayobeba maneno ya watangazaji.

Kutoka Muscat

Nakubaliana na kaka, na huku kwetu plagi ni hiyo hiyo pia, volti 240. Ila usimnunulie mzee kitu bila kusikia chaneli zote tano. Mtumba wenye chaneli moja iliyokufa ni wa kawaida, na muuzaji atakuwashia mbili za mbele tu.

Kutoka Minneapolis

Kaka, ahsante. Spika nitazianza wikendi. Swali moja: jirani ana mfumo wa hivyo hivyo, lakini spika za nyuma kimya siku zote. Na kwetu je, chumvi ya bahari haitaharibu nyaya?

Kutoka Leicester

Jirani aingie kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, atoe PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa na runinga), aweke Bitstream au Dolby Digital (sauti inayofunguliwa na risiva yenyewe). Kwa waya wa optiko, PCM inapitisha chaneli mbili tu. Akitazama chaneli inayorushwa kwa stereo, abonyeze Pro Logic (inayoisambaza stereo kwenye spika zote) kwenye rimoti ya risiva, za nyuma zitaamka.

Chumvi: shaba ikigeuka kijani, kata ncha ya waya, menya upya, kaza. Risiva iachiwe nafasi juu, maana inatoa joto kweli, na iwe na gadi ya umeme. Mwambie mama, kwa heshima zote, kile kitambaa cha kufuma kikae juu ya spika ya besi. Juu ya risiva, hapana.