Kikande anawashambulia wenzake tangini: nimtenge au nimrudishe baharini?

MwanaShela
Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninafuga samaki wa bahari nyumbani hapa Malindi katika tangi la kioo la lita 300, na takriban miaka miwili iliyopita nilinunua kikande wa mistari ya rangi ya machungwa, ambaye wakati ule hakuzidi urefu wa kidole. Sasa amefika sentimita 15 na tangi lote amelifanya milki yake. Kangaja wawili amewang'ata mapezi hadi mmoja akafa, kamba wote amewamaliza, na kila niamkapo kwa sala ya alfajiri husikia mawe yakigonga kioo kwa kuwa huyabeba kwa mdomo na kuyapanga upya. Juzi nilikuta alama za meno kwenye waya wa pampu, na jana nilipotia mkono kufuta kioo alinitoa damu. Je, ukali huu utapungua, au nimrudishe baharini?

Fundi Matangi
Wa aleikum salaam. Hautapungua, kaka. Huyo ni *Balistapus undulatus*, mmoja wa vikande wakali kupita wote, naye hufikia sentimita 30, kwa hiyo bado uko nusu ya safari. Mtenge kangaja aliyesalia leo hii, kisha umtafutie kikande tangi la lita 500 au zaidi akae peke yake.

Waya upitishe ndani ya bomba gumu la plastiki, na uzime umeme kabla ya kutia mkono majini. Mawe yakalie sakafu ya kioo yenyewe, si mchanga, kwa sababu akiuchimbua mchanga yataporomoka na kuvunja tangi. Mpe kaa, chaza na kamba wenye maganda, maana meno yake hayaachi kukua na huhitaji kitu kigumu cha kuyapunguza. Mlaji wa namna hii huchafua maji upesi, basi badilisha sehemu yake mara kwa mara, ila msimu wa mvua usiteke ufukweni, kwani mto Sabaki humwaga tope na maji yasiyo na chumvi hadi upande wetu na chumvi hupungua.

Mzee wa Mayungu
Mwanangu, mimi ni mvuvi, sikufuga samaki, lakini kikande namjua. Mtazame anavyomla fukulile, yule mnyama wa mwambani wa mviringo aliyejaa miiba: humshika kwa mwiba mmoja, humpulizia maji mpaka apinduke, kisha humtoboa upande wa chini ambako miiba ni mifupi. Penye vikande wachache fukulile huzidi na kuutafuna mwamba mpaka matumbawe yanachakaa, na hilo huonekana wazi ukilinganisha sehemu zinazovuliwa sana na hifadhi ya Malindi, iliyowekwa mwaka 1968 na ambamo hairuhusiwi kuvua. Ukali unaokusumbua ndio kazi yake.

Kumrudisha sikushauri, kwani amekaa na samaki usiojua walikotoka na anaweza kupeleka maradhi mwambani. Utakapomhamisha usitumie wavu, maana atausimamisha mwiba wa mgongoni na kunasa humo. Mwingize kwenye ndoo. Akijikaza pangoni usimvute. Anayejua hubonyeza ule mwiba mdogo ulio nyuma ya mkubwa, na mkubwa hulala wenyewe, lakini kwa meno yale ni afadhali usubiri atoke.

MwanaShela
Shikamoo mzee, nawe fundi nakushukuru sana. Kangaja nimempeleka kwa rafiki yangu mwenye tangi tulivu, waya nimeufunika, na nimeanza kuweka akiba ya kununua tangi kubwa. Magharibi hii nimempa kaa mzima, akambeba hadi pembeni, akavunja gando moja baada ya jingine huku jicho moja likimwangalia kaa na jingine likiniangalia mimi. Sasa amejikaza pangoni mwiba ukiwa juu, nami nimezima taa nikamwacha alale.