Naomba ushauri: Cessna 170B ya 1954 inapoteza nguvu hewani

Habari zenu wadau, hasa marubani na mafundi wa ndege. Nina Cessna 170B ya 1954, injini Continental ya nguvu za farasi 145. Julai hii, nikiruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi zenye mawingu, mizunguko ya injini kwa dakika inashuka taratibu kutoka 2,400 hadi 2,250 wala sijagusa kitu. Nikivuta joto la kabureta (kidhibiti kinachoingiza hewa ya moto kwenye kabureta) injini inakohoa, inatetemeka, kisha inarudi sawa. Nahisi ni barafu ndani ya kabureta. Mafuta nimeyakagua, hayana maji. Plagi na magneto (vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche) fundi amezipima, zote nzima. Kwa sasa nimeiegesha, maana humo napakia watoto wangu.

Je, safarini joto hilo nilivute lote au nusu? Na kipimajoto cha kabureta kitanisaidia kweli?