Nimefunga wota pampu ya Toyota IST mwenyewe, ikachemsha njia ya Kibaigwa. Nitajuaje injini imeumia kiasi gani kabla sijatoa hela?

mkazi_Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada maana siku ya nne hii usingizi siupati vizuri. Nina IST ile ya kwanza, injini 1NZ, ndo inayompeleka mama kliniki pale Benjamin Mkapa na ndo inanipeleka Mtumba kazini.

Wota pampu, ile inayosukuma maji ya kupoza injini, ilianza kuvuja na kulia, nikanunua mpya nikaifunga mwenyewe nyumbani jumamosi, gasketi yake mpya, na thamostati nikabadili humo humo kwa sababu ya zamani ilikuwa imeota kutu. Nikajaza maji ya bomba, nikafunga mfuniko, nikawasha kama dakika kumi nikaona iko poa.

Jumapili nikatoka kwenda Kibaigwa kufuata mahindi. Nimeshapita Mbande taa nyekundu ya joto ikawaka. Sikusimama palepale, nikasema nisogee mpaka kwenye watu, kama kilomita nne hivi, mpaka gari ikaisha nguvu kabisa mvuke unatoka kila upande. Nikasubiri kidogo nikaongeza maji ikala karibu lita tatu, nikageuza nikarudi Dodoma taratibu nasimama simama.

Tangu siku hiyo asubuhi inawaka kwa shida, inamisi dakika moja na moshi mweupe mwingi, halafu inatulia. Maji yanapungua kila siku na chini hakuna hata tone. Kwenye rejeta naona mapovu. Oili kwenye stiki iko safi. Fundi wa kwanza kaisikiliza tu akasema injini imekufa ninunue nyingine, milioni mbili kasoro. Wa pili kasema gasketi ya hedi tu, ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na bloku, laki tatu na nusu kazi imeisha. Hakuna hata mmoja aliyeshika kipimo. Nani yuko sahihi hapo?

fundi_Chang'ombe

Kaka pole sana. La kwanza kabisa usiiwashe tena, hata kuisogeza tu uani isukumeni. Hiyo misi ya asubuhi maana yake usiku maji yanachuruzika yanaingia kwenye silinda. Leo ni kijiko, siku yakijaa juu ya pistoni wewe ukapiga stata, maji hayabanwi kama hewa, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Hapo ndo utakuwa umeinunua kweli hiyo injini ya pili.

Pili, ile thamostati mpya ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Ulikiweka kimeangalia juu au chini?

mkazi_Nkuhungu

Fundi sikukiangalia kabisa, niliichomeka tu ilivyokaa. Ina shida?

fundi_Chang'ombe

Ndo shida yenyewe hiyo. Kile kipini kinatakiwa kiwe juu, ndo njia ya hewa kutoka wakati unajaza maji. Kikiwa chini hewa inabaki ndani, pampu inasukuma hewa badala ya maji, na thamostati inasubiri iguswe na maji ya moto ndo ifunguke, kwenye nyuzi 80 na kitu. Dakika kumi ulizowasha pengine hata haikufunguka. Ulipoona imetulia ilikuwa bado haijaanza kazi.

dada_wa_Ilazo

Mkuu mapovu peke yake yasikutishe wala yasikuhakikishie, maana na mimi yalinichanganya. Mapovu ya hewa iliyobaki yanatoka yanapungua yanaisha. Mapovu ya gasketi hayaishi, na ukimwambia mtu akanyage mafuta kidogo yanaongezeka palepale, kwa sababu ule ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kuna mafundi wana ile dawa ya bluu inawekwa juu ya mdomo wa rejeta, ikigeuka njano basi kuna moshi ndani. Yangu iligeuka hata dakika mbili hazijaisha. Ila kwa hali ya kwako sikushauri uwashe ili upime hivyo, bora njia ya kuchomoa plagi.

Na oili usitegemee sana. Gari nyingi zinaunguza gasketi kati ya silinda na njia ya maji tu, oili inabaki safi kabisa kama hakuna kitu.

jembe_la_Zuzu

Mi naona unajichosha, nunua injini toka Dar siku mbili uko barabarani. Ukianza kufungua fungua hela inaisha kidogo kidogo na mwisho unanunua tu.

mzee_wa_Kikuyu

Kijana wangu wa Zuzu, hiyo injini ya mtumba nayo hujui ilichemshwa wapi. Na akiifunga kwa rejeta ileile, mfuniko uleule na maji yaleyale, itamchemkia vilevile. Apime kwanza, akishajua ndo achague.

Na wewe mwanangu, maji ya bomba hapa Dodoma tunayajua wote, angalia birika lako la chai ndani lilivyo na ukoko mweupe. Ukoko huohuo unajenga kwenye vijia vya rejeta. Tena sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke garini ni mgandamizo wa mfuniko, umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, ukiwa mzima unayapeleka juu ya 115. Raba ya mfuniko ikiwa imechoka huna ulinzi wowote. Badilisha mfuniko, ni hela ndogo, na tumia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

fundi_Chang'ombe

Shikamoo mzee, umesema kweli tupu.

Sasa mkazi, kupima kwenyewe ni hivi. Injini ikiwa baridi toa koili na plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi iliyooshwa ikang'aa kuliko wenzake, silinda hiyo inakunywa maji. Halafu kata umeme wa nozeli (zinazopuliza mafuta), azima pampu ya kupimia rejeta, weka mgandamizo ulioandikwa kwenye mfuniko uache dakika ishirini. Mshale ukishuka na nje hakuna tone, piga stata plagi zikiwa nje uone tundu gani linatema maji. Simama pembeni, yanaruka kwa nguvu.

Kisha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye kila silinda. Betri iwe imejaa na mtu akanyage mafuta mpaka chini. Kwa 1NZ kitabu kinasema nzuri ni psi 213 na isishuke 156, na tofauti ya silinda na silinda isizidi 14. Huku kwetu hewa nyepesi na injini ni baridi, usitegemee kuiona 213, angalia zaidi hiyo tofauti. Zikiwa chini mbili zinazopakana ni gasketi kati yao. Zikiwa chini zote nne, weka kijiko cha oili kila silinda upime tena, zikipanda ni ringi (pete za pistoni) zimechoka kwa moto, na hapo ndo wazo la injini nyingine linakuwa na maana.

mkazi_Nkuhungu

Wakuu nimerudi. Nimeazima kipimo kwa jirani, tumepima leo asubuhi mimi na yeye. Silinda 1: 178. Silinda 2: 92. Silinda 3: 96. Silinda 4: 176. Nimeweka oili hizo mbili za kati, hazikupanda hata 5. Plagi ya 3 nyeupe imeoshwa, na pampu ya rejeta ilipokaa tukapiga stata, tundu la 3 likatema maji.

fundi_Chang'ombe

Hapo umejua. Gasketi imekatika kati ya 2 na 3, ringi bado zina nguvu. Huyo wa kwanza alitaka kukutoa milioni mbili za bure. Ila na huyo wa laki tatu na nusu mwambie hedi haifungwi kabla haijapimwa ulalo kwa rula ya chuma na filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), isizidi milimita 0.05, na uso wa bloku nao upimwe maana 1NZ bloku nayo ni aluminiamu. Wengi wanarusha gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, mwezi haufiki.

Na hili nakuomba kaka, kutoa hedi usifanye peke yako. Lazima cheni ya taimingi itoke, ukiirudisha ikiwa imekosea meno valvu zinaweza kugonga pistoni. Simama na fundi, uliza kila kitu.

mkazi_Nkuhungu

Nimefanya hivyo, nimempata fundi mwingine anayekubali nisimame naye. Hedi imepimwa, imepinda 0.12 katikati. Bloku iko sawa. Imesagwa, imejazwa upepo ndani ya maji kutafuta nyufa, hakuna. Bolti mbili zimerefuka kwaiyo nanunua seti nzima. Rejeta imefunguliwa, mzee ulichosema ndo nilichokikuta, vijia karibu theluthi vimeziba ukoko. Tunafunga jumamosi. Nieleze kukaza na kutoa hewa nisirudie.

fundi_Chang'ombe

Bolti ni kumi, anzia katikati mkitoka nje, toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) Nm 29, halafu zungusha nyuzi 90, yaani robo mzunguko, halafu 90 tena. Asikaze kwa mkono wa mazoea.

Hewa: paki pua ya gari ikiwa juu kidogo, thamostati kipini juu, heater weka moto mpaka mwisho, mfuniko wazi. Jaza taratibu, washa, minyaminya bomba la juu, ongeza kila yakishuka. Feni ikiwaka na kuzima mara mbili, na mabomba ya heater yote mawili yakiwa ya moto, funga. Kesho yake asubuhi ikiwa baridi kabisa fungua uongeze tena. Wiki ya kwanza usitoke nje ya mji.

mkazi_Nkuhungu

Nimekupata fundi. Kliniki ya mama ni alhamisi, ntakodi bajaji. Namba za kompresheni za jumapili ntaziweka hapa.