Eros (2004): nianze na kipande kipi?

Mdadisi: Wakuu, filamu moja, hadithi tatu, waongozaji watatu. Lazima nifuate mpangilio? Na mbona ile ya Mwitaliano Michelangelo Antonioni inasemwa vibaya?

Jicho la Tatu: Si lazima. Hadithi hazigusani, katikati kuna michoro ya Lorenzo Mattotti na wimbo wa Caetano Veloso tu. Anza na The Hand ya Wong Kar-wai. Fundi cherehani kijana (Chang Chen) anamshonea changudoa wa kifahari (Gong Li), Hong Kong ya miaka ya 1960. Tazama anavyopenyeza mkono ndani ya gauni lisilo na mtu, pale pale juu ya meza ya kazi. Tamaa yote imo humo, na hakuna aliyevua nguo.

Bibi Reli: Nyongeza: The Hand ina toleo refu, dakika 56 hivi. Tafuta hilo.

Kwenye Equilibrium ya Soderbergh usikodolee macho mgonjwa anayesimulia ndoto. Mwangalie daktari nyuma yake, anavyochungulia dirishani kwa darubini. Kichekesho kiko huko.

Ya Antonioni, wanandoa wanagombana Toscana. Mandhari safi, ila mazungumzo makavu kama mbao. Kiharusi cha 1985 kilimwathiri Antonioni usemi, lakini tatizo hapa ni maandishi, si picha.

Mdadisi: Shukrani. Naanza na fundi.